Filta Kumi na Mbili Kwenye Kamba

Jumatatu, 1 Julai

Daftari hili lilikuwa la jiografia. Kurasa nne za mwanzo zimejaa mito na miinuko, na nimeziacha hivyo hivyo kwa sababu sipendi kuchana karatasi. Shule ilikwisha wiki tatu zilizopita. Leo nimeanza kazi kwa Shangazi, dada yake Baba, mwenye karakana ya pikipiki za mashindano, zile za matairi yenye meno ambazo watu huzipandisha vilimani na kuzirusha hewani siku za Jumapili. Nyumba yake iko nyuma ya karakana. Nalala chumba kimoja na binti yake, ambaye naye hushindana. Namwita Dada, maana amenipita miaka sita.

Shangazi amenieleza kwamba kiangazi chote nitafanya kazi moja tu, kusafisha filta za hewa na kuzipaka mafuta. Nikifika mwisho wa msimu bila injini hata moja kula vumbi, atanifundisha kufungua injini. Nikishindwa, Baba atakuja kunichukua, tutafute jambo lingine, na hakuna atakayemkasirikia mwenzake. Alisema hayo huku akikaza nati, bila kunitazama, na hilo lilinisaidia. Mtu akinitazama, maneno yangu yote hurudi ndani.

Nataka sana kufungua injini. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 2 Julai

Naandika nisije nikasahau. Filta ni sponji nene kama kofia ya mtoto, imevalishwa kwenye fremu ya plastiki na kufichwa ndani ya boksi lililo chini ya siti. Hewa yote ya injini hupita humo. Unatoa siti, unalegeza skrubu moja, unaivuta filta polepole kama unavyomshusha mtoto aliyelala mgongoni, ili vumbi lisimwagikie ndani. Palipobaki wazi Shangazi hupaita koo. Unaziba koo kwa kitambaa hapohapo, kabla hata hujageuza kichwa.

Beseni la kwanza ni mafuta ya taa, la pili maji ya uvuguvugu na sabuni, la tatu maji matupu. Unabinya, husokoti. Ukisokota kama nguo, gundi ya maungio inaachia. Kisha unailaza filta kwenye rafu, kivulini, hadi ikauke kabisa. Mafuta yake ni ya buluu na yananata kama asali. Unayakanda mpaka sponji yote iwe rangi moja, halafu unapaka grisi ukingoni, pale inapogusana na boksi.

Mwisho ni kidole. Kabla ya kurudisha filta, unavisha kidole kitambaa cheupe na kufuta ndani ya koo. Kikitoka safi, filta iliyotoka ilifanya kazi yake. "Kikitoka na vumbi," Shangazi alisema, "acha kila ulichoshika uniite."

Jumatano, 3 Julai

Filta nane. Mikono yangu inanuka mafuta ya taa hata nikila.

Ijumaa, 5 Julai

Dada amenipa jina. Waendeshaji walikuja kuchukua pikipiki zao, mmoja akaniuliza kitu, nikaitikia kwa kichwa. Dada akasema msimsumbue Kimya. Wakacheka wote, na tangu hapo hakuna anayeniita vingine. Kwake yeye mambo ni rahisi. Anaingia mahali na watu wanasogea kumpisha.

Jumapili, 14 Julai

Mashindano ya kwanza, kwenye machimbo ya zamani ya kokoto. Kundi letu lina pikipiki kumi na mbili. Waliondoka mstarini pamoja, wakameza vumbi wao kwa wao, na kwa dakika nzima sikuona mtu, nilisikia tu. Dada alimaliza wa nne. Mwalimu, ambaye siku za wiki hufundisha hesabu, alimaliza wa kumi na moja, akavua kofia na kusema vumbi alilotafuna lingetosha kusakafia darasa.

Jumanne, 16 Julai

Rafu ya kukaushia inabeba filta tano. Nilikuwa na kumi na mbili zilizolowa, na waendeshaji walizitaka jioni. Nikaangalia kamba ya nguo iliyo chini ya paa la baraza, penye kivuli na upepo. Nikachukua vibanio, viwili kwa kila filta, nikazining'iniza zote kwa ukingo kama soksi. Kufika saa tisa zilikuwa zimekauka.

Shangazi alisimama chini ya kamba akazitazama. Akamwita Mwalimu aje aone, akamwambia, "Huyu kachukua akili ya baba yake, tena kaichukua mapema kabla haijachakaa." Mwalimu akasema ningekuwa mwanafunzi wake angenipa alama zote.

Nimeiandika sentensi ya Shangazi neno kwa neno. Nimeisoma mara tatu.

Jumanne, 23 Julai

Hakuna mvua. Filta kumi na mbili kwenye kamba.

Jumanne, 30 Julai

Hakuna mvua. Filta kumi na mbili kwenye kamba. Mti wa ng'ambo umegeuka kahawia kwa vumbi la barabarani, na ukiupita unakohoa wewe, si mti.

Jumapili, 11 Agosti

Dada amemaliza wa pili. Baadaye watu wawili waliovaa koti la aina moja walizungumza naye kando ya gari lao. Ni timu kubwa, yenye fundi wake na mashindano ya mbali. Katika mashindano ya mwisho, tarehe 29 Septemba, watachagua waendeshaji wawili. Shangazi amesema Dada amesubiri siku hiyo kwa miaka mitatu.

Jioni nilimkuta chumbani ametumbukiza mikono yote miwili kwenye beseni la maji baridi, akisinzia hali ameketi. Viganja vyake vina malengelenge yaliyopasuka juu ya yaliyopona. Nilidhani mambo kwake ni rahisi. Nilibadilisha maji bila kumwamsha.

Jumanne, 20 Agosti

Leo kidole kimetoka na vumbi.

Lilikuwa koo la pikipiki ya Dada. Mstari mwembamba wa kahawia, mfupi kama kope. Nilisimama na kidole hewani. Shangazi alikuwa hatua sita kutoka kwangu, anapuliza kabureta. Nilichotakiwa kufanya ni kusema neno moja, "Shangazi."

Nikajiambia labda limedondoka kutoka mkono wa shati langu. Labda niliivuta filta kwa haraka. Nikafuta koo likawa safi, nikapima tena, kitambaa cha pili kikatoka cheupe. Nikaifunga siti. Kitambaa cha kwanza nimekileta huku, kimo kati ya ukurasa huu na ule wa mito.

Sikumwita kwa sababu filta zile ni zangu. Kila mtu anajua ni zangu. Na sifa niliyopewa ilikuwa bado mpya.

Jumanne, 27 Agosti

Hakuna mvua. Filta kumi na mbili kwenye kamba. Koo la Dada, mstari tena, mrefu zaidi. Vitambaa vimekuwa viwili.

Jumanne, 3 Septemba

Dada amelalamika kwamba pikipiki yake inachelewa kuwaka, na ikiwaka inatoa moshi wa kijivu. Shangazi amebadilisha plagi. Halafu akageuka, safari hii akinitazama, akaniuliza, "Kidole?"

Nikasema, "Safi."

Neno moja tu. Watu hunisifu kwamba sina maneno mengi. Nimegundua kwamba hata moja linatosha kuwa baya.

Jumatano, 4 Septemba

Sikuandika kitu cha maana leo. Kula nimekula, lakini sijui nini.

Jumapili, 8 Septemba

Dada amemaliza wa tano. Alipitwa kwenye mwinuko, mahali ambapo kwa kawaida yeye ndiye hupita wenzake. Shangazi akasema ni joto. Mwalimu akasema hata chaki zake zinatoka jasho.

Jumanne, 10 Septemba

Leo nilipima makoo yote kumi na mawili na kuviweka vitambaa kwa mpangilio kwenye ubao. Vitano vilikuwa na mstari. Cha Mwalimu kilikuwa kibaya kuliko vyote, na cha Dada cha pili.

Nikaosha filta, nikaanza kuzining'iniza, na nikiwa na kibanio mkononi nikaona kitu ambacho kimekuwa mbele ya macho yangu wiki nane. Filta iliyolowa ni nzito. Ikining'inizwa kwa ukingo, maji yote yanashuka chini na kuivuta, na palipobanwa panajikunja na kuwa na pembe mbili kama masikio ya paka. Ikikauka, masikio hayarudi yote. Kila wiki yanabaki kidogo.

Nikachukua iliyokauka, nikaivalisha fremu na kuiweka kwenye boksi. Ukingo haukulala. Palikuwa na mwanya unaopitisha ukucha. Grisi iliufunika, ndiyo maana kwa macho haukuonekana, lakini pikipiki ikitikisika grisi husogea, na hewa isiyochujwa hupita hapo hapo, moja kwa moja kooni.

Kwa hiyo si shati, wala si haraka. Ni kamba yangu. Na si pikipiki ya Dada peke yake, ni zote, zile tano sasa na saba zilizobaki baadaye kidogo.

Nilizitoa filta zote kambani nikazilaza chini juu ya magunia safi. Shangazi aliuliza kamba ina nini. Nikasema upepo ni mkali. Uongo wa pili.

Zimebaki siku kumi na tisa kabla ya mashindano ya mwisho. Kama ningesema tarehe 20 Agosti, zingekuwa arobaini.

Jumatano, 11 Septemba

Nimesema.

Shangazi alikuwa anakunywa chai kwenye meza ya nje, karakana haijafunguliwa. Nilijifunza sentensi zangu kitandani, lakini nilipofika mbele yake zikapotea zote. Nikaviweka vitambaa mezani, vyote, nikavikunjua kimoja kimoja. Nikaweka na filta moja yenye masikio.

Nikasema, "Nilikuambia safi. Haikuwa safi."

Akauliza tangu lini. Nikataja tarehe. Akashika filta, akaweka kidole chake kwenye alama ya kibanio, akatazama kamba, akatazama filta tena. Hakuinua sauti. Ningependa angeinua. Alimaliza chai yake, nami nimesimama, ndipo nikaona kwamba Dada yuko mlangoni na kofia yake ya pikipiki kwapani. Alikuwa anaenda mazoezini. Aliiweka kofia chini, akarudi ndani.

Shangazi aliifungua injini ya Dada asubuhi hiyohiyo. Aliniita nisimame karibu, nisiguse kitu, nione. Nilisubiri miezi kuona ndani ya injini na leo ndiyo nimeiona. Ukuta wa silinda ulitakiwa kung'aa. Ulikuwa na mistari ya juu hadi chini kama uso wa meza ya shule. Ringi, zile pete za chuma zinazozunguka pistoni, zilikuwa zimelika. Shangazi alisema vumbi likichanganyika na mafuta linakuwa msasa, na injini inajisugua yenyewe mpaka inachoka.

Kisha akanipa simu yake. Pikipiki zote zirudi leo, mtu asiwashe. "Utawapigia wewe," akasema. "Kila mmoja. Na utamwambia kwa nini."

Watu kumi na mmoja. Mimi ambaye dukani nilikuwa nikionyesha kwa kidole ninachotaka. Nilikwenda kusimama nyuma ya matairi. Wa kwanza hakupokea, nikashukuru, halafu akapiga yeye. Nilimwambia filta zimeharibika, niliziharibu mimi kwa kuzining'iniza, naomba usiwashe pikipiki, ilete. Alisema sawa. Wa pili akasema sawa. Wa tatu, yule wanayemwita Tajiri wa Matope kwa jinsi anavyopenda kuanguka, alinisema dakika kumi bila kupumzika, na nilimwacha aseme kwa sababu alikuwa na haki.

Mwalimu aliposikia sauti yangu akauliza, "Kimya anapiga simu? Nani kafariki?" Nikamweleza, pamoja na kwamba koo lake ndilo baya kuliko yote. Akasema amewahi kufundisha kanuni moja kimakosa muhula mzima, na alijua katikati ya muhula. Hakusema alifanya nini alipojua.

Jioni, Shangazi alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba kamba aliipita kila siku, akaifurahia kwa sababu filta zilitoka upesi, kwa hiyo sehemu ya kosa ni yake na ataibeba. La pili, kwamba uongo ni wangu peke yangu. Sharti tuliliweka mwanzoni na limevunjika. Nitafanya kazi mpaka mashindano ya mwisho kwa kuwa mikono inahitajika, kisha Baba atakuja.

Nikasema sawa, Shangazi.

Jumamosi, 14 Septemba

Dada haongei nami. Tunavuka kile chumba kama watu wawili kwenye ukumbi wa kusubiria. Filta mpya zimefika saba, tano zaidi zinakuja. Nazikausha juu ya rafu, tano tano, na atakayetaka haraka atasubiri.

Jumatatu, 16 Septemba

Nilikuwa nakunja shuka Dada aliposema, akiangalia dirishani, kwamba alijua.

Nikamuuliza alijua nini.

"Kwamba injini imechoka. Tangu katikati ya Agosti. Unaisikia miguuni kabla hujaisikia masikioni. Ningemwambia Mama angeifungua, ningekosa mazoezi wiki nzima. Nikanyamaza."

Akakaa kitandani kwake. Kumbe tumelala chumba kimoja mwezi mzima, kila mmoja amegeukia ukuta wake na siri ileile. Nilitaka kumwambia kwamba kwake ilikuwa pikipiki yake mwenyewe, na kwangu ilikuwa ya watu, kwa hiyo si sawa. Nikamwambia. Akasema ni kweli, si sawa. Halafu akanirushia upande wa pili wa shuka ili tukunje pamoja.

Jumapili, 22 Septemba

Hakuna mvua, lakini mawingu yalikuja mchana yakatutazama, yakaondoka. Injini ya Dada imefungwa, ringi mpya. Ameikimbiza polepole kama alivyoagizwa, ili ringi zizoee, akikasirika njia nzima.

Jumamosi, 28 Septemba

Usiku wa kuamkia mashindano huwa Shangazi anafunga mwenyewe boksi la filta la Dada. Leo alipochukua bisibisi Dada akamwambia, "Mama, mwache Kimya afunge."

Shangazi alimtazama muda. Akaniachia bisibisi, akaenda kunawa mikono.

Filta ilikuwa ya buluu kotekote. Niliikanda tena ingawa haikuhitaji. Grisi niliizungusha kwa kidole mara moja, nyembamba, isifiche kitu. Niliipima kwa ukucha pande zote kabla ya grisi na sikupata pa kuingilia. Nikatoa kitambaa kooni, nikakitia mfukoni, nikafunga.

Jumapili, 29 Septemba

Vumbi la leo lilikuwa la miezi mitatu. Mizunguko ishirini. Nilisimama mahali pa mwinuko, palepale alipopitwa. Alipita mara ishirini na kila mara nilisikiliza sauti ya injini badala ya kumtazama yeye. Haikukatika.

Alimaliza wa tatu. Wale wa koti wamechukua wawili na kumwandika yeye wa akiba, mmoja wa wale akiumia au akijitoa ataitwa. Shangazi alimshika begani. Dada alinywa chupa nzima ya maji, na jambo la kwanza alilosema, akinielekea mimi, lilikuwa hili: "Pikipiki ilikuwa nzima. Nilichoka mimi."

Karakana tulifika jua linazama. Sikusubiri kuambiwa. Nilitoa siti, nikavuta filta. Nje ilikuwa imebeba vumbi zito kama unga. Nikavisha kidole kitambaa kipya, nikafuta koo, juu, chini, na kwenye kona ambako vumbi huwa linajificha hata nikipima. Nikamwita, "Shangazi."

Alikuja. Nikamwonyesha kidole. Akakichukua kitambaa, akakigeuza kuelekea mwanga, akanirudishia.

Nimekibandika hapa chini kwa gamu. Hakina kitu.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimepanga nguo zangu kwenye mfuko. Baba anakuja Jumamosi.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mvua. Ilianza saa nne asubuhi kwa matone makubwa yaliyonuka vumbi, kisha ikamwagika. Waendeshaji waliokuwepo walitoka nje wakasimama tu, watu wazima, wakilowa. Mti wa ng'ambo umerudi kuwa kijani.

Jumamosi, 5 Oktoba

Shangazi alinikuta barazani, mfuko miguuni, viatu vya safari. Alikuwa amefungua milango yote miwili ya karakana na juu ya meza ya kazi palikuwa na pikipiki ya Mwalimu, ile ambayo koo lake lilikuwa baya kuliko yote. Tuliiahirisha kwa sababu ya injini ya Dada.

"Vua hivyo viatu," akasema. "Injini hii umeilisha vumbi wewe. Utaifungua wewe."

Nikauliza, na Baba? Akasema amempigia asubuhi, aje kusalimia tu, na aniletee nguo za kazi maana nilizonazo zimekwisha.

Nikauliza, na sharti?

"Sharti lilikuwa la yule aliyekuja Julai," akasema. "Shika spana namba kumi. Boliti unayotoa iweke kwenye kopo kwa mpangilio. Ukikosea unaniita. Hapohapo."

Boliti ya kwanza ilikataa kabisa. Nilikuwa naona aibu kumsumbua, alikuwa amekwisha geuka na ana kazi zake. Nikaiacha spana ikiwa imeng'ang'ania pale.

"Shangazi," nikaita.

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua. Boliti kumi na moja kwenye kopo, kwa mpangilio. Kwenye kamba, nguo.